Dawa Hii ni ya Nani?

Baadhi ya maswali ni mafupi kinywani na marefu moyoni. Insha hii imetokana na swali la namna hiyo. Sikulikuta katika vitabu vya chuo nilikofunzwa ualimu, wala sikuulizwa na mkaguzi wa shule. Niliulizwa na mwanafunzi wangu, na siku ile sikuwa na jibu. Nimelifikiri tangu hapo, nami nakualika, ewe msomaji, tulifikiri pamoja.

Nilikuwa nikifundisha katika shule moja karibu na Ziwa Viktoria. Darasani mwangu alikuwamo msichana mwembamba, mwenye weupe wa macho uliogeuka manjano, ambaye alikosa masomo mara nyingi kuliko wenzake wote. Alipokuwapo aliketi karibu na dirisha penye jua, sweta mwilini, hata siku ambazo wengine walijipepea kwa madaftari. Saa ya michezo ilipofika aliomba ruhusa ya kuketi. Mimi nilimdhani mvivu. Siku moja nilimkemea mbele ya darasa zima, nikamwambia kwamba elimu haimngoji mtu anayeota jua. Hakujibu neno. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Juma lililofuata mamake alifika shuleni, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mtoto amelazwa. Mifupa imemshika tena. Amenituma nikuombe radhi kwa kutokuja."

Mama yule hakujua niliyoyasema darasani, au kama alijua, aliyaficha. Nilisimama mbele yake nikiona haya, kwa maana aliyestahili kuomba radhi alikuwa mimi. Ndipo nilipoambiwa kwamba msichana yule alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu.

Alipona, akarudi shuleni, nami nikamwomba msamaha mbele ya darasa lile lile. Januari 2024, mwaka mpya wa masomo ulipoanza, alinijia na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. "Mwalimu," akasema, "hapa wameandika kwamba ugonjwa wangu umepata dawa. Ni kweli?" Nikasoma, nikamwambia, "Ni kweli, mwanangu." Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Basi dawa hii ni ya nani?"

Hilo ndilo swali letu. Lakini hukumu ya haki haitolewi kabla ya kusikiliza ushahidi. Basi kwanza yatupasa tuujue ugonjwa wenyewe, tujue na njia ambayo dawa ilipitia mpaka ikapatikana.

Katika damu ya mtu mzima wa afya, chembe nyekundu ni za mviringo na laini, nazo hupenya kwa urahisi katika mishipa myembamba kama nywele. Ndani yake mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Kwa mgonjwa wa seli mundu himoglobini hiyo ina kasoro. Ikiisha kuitoa oksijeni, hujishikamanisha, ikajipanga kama fimbo ndani ya chembe, na chembe ikapindika, ikawa na umbo la mundu wa kuvunia mpunga. Chembe zilizopindika hukwama mishipani na kuzuia njia. Mahali damu isipofika huwa na maumivu makali, katika mifupa, kifuani, tumboni. Na pengine ubongo wenyewe hukosa damu, mtoto akapooza. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, bali iliyopindika huvunjika kwa siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake huwa manjano. Baridi, kiu na uchovu huamsha maumivu. Sasa nalijua sweta lile lilikuwa la nini.

Ugonjwa huu hauambukizwi, wala hautokani na laana, wala mama hakukosa lolote alipokuwa mjamzito. Hurithiwa. Kila mtu hupokea kutoka kwa baba na mama chembe za urithi, ziitwazo jeni, ambazo ni kama maagizo ya kuujenga mwili. Anayepokea jeni ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na alama ya ugonjwa katika damu yake, lakini kwa kawaida haugui. Anayeipokea kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wenye alama wakioana, katika kila uzazi kuna nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ulimwenguni watoto wapatao nusu milioni huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na zaidi ya robo tatu yao huzaliwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na aghalabu hufa bila kujulikana walikuwa na ugonjwa gani.

Sasa tuitazame safari ya elimu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, nchini Marekani, aliandika habari za kijana ambaye damu yake, ilipotazamwa kwa hadubini, ilionekana kuwa na chembe zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko California, walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge nchini Uingereza, akapata mahali penyewe: katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo cha sita peke yake ndicho kilichobadilika. Fikiri, msomaji! Kosa la herufi moja katika sentensi ndefu, na kwa kosa hilo mtoto analia usiku kucha.

Katika mwaka ule ule wa 1949 habari hii ilifika kwetu. Kijana aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona jambo la kustaajabisha. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria watu wengi walikuwa na alama ya seli mundu. Katika nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa wachache mno. Akajiuliza: Pwani na ziwa vina nini kinachofanana? Jibu lilikuwa mbu. Akaanza kufikiri kwamba alama ile, ingawa ikirithiwa mara mbili huua, ikirithiwa mara moja humkinga mtu na malaria.

Mwaka 1953 alitafuta uthibitisho. Wanaume Waluo 30 walijitolea, 15 wenye alama na 15 wasio nayo. Wakaambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Miongoni mwa wasio na alama, vijidudu vilistawi katika damu za watu 14. Miongoni mwa wenye alama, katika damu za watu wawili tu. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1954, nayo ikawa mfano mashuhuri wa jinsi ugonjwa unavyoweza kuuchonga urithi wa binadamu. Jaribio la namna hiyo leo lingepitishwa kwanza mbele ya baraza la maadili, na maswali mengi yangeulizwa. Mimi nataka tukumbuke neno moja tu. Vitabu tunavyosomea hutaja jina la mchunguzi, na ni haki yake kutajwa. Bali wale 30 huwataja kwa hesabu. Walitoa damu zao na homa zao, na elimu ikajengwa juu yake.

Kutoka hapo mpaka dawa yenyewe ilipita miaka 70. Mtoto akiwa tumboni mwa mama hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo haipindi chembe. Akiisha kuzaliwa, mwili huifunga ile ya tumboni kidogo kidogo na kuifungua ile ya utu uzima. Ndiyo maana mtoto mwenye seli mundu huonekana mzima katika miezi yake ya kwanza. Wataalamu waligundua jeni ambayo ni kama komeo linaloufunga mlango ule. Wakajiuliza: Je, komeo likikatwa, himoglobini ya tumboni haitarudi?

Walipungukiwa na kisu cha kukatia kitu kidogo namna hiyo. Kisu kilipatikana kwa bakteria. Vijidudu hivyo, vikishambuliwa na virusi, hujilinda kwa kukata maandishi ya urithi ya adui. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier, Mfaransa, na Jennifer Doudna, Mmarekani, walionyesha kwamba silaha hiyo yaweza kuelekezwa ikate mahali popote tunapotaka. Mbinu hiyo huitwa CRISPR, nayo iliwapatia wanawake hao wawili Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Mwaka 2019 Victoria Gray, mama wa watoto, kutoka jimbo la Mississippi, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa seli mundu nchini Marekani kutibiwa kwa njia hii. Novemba 2023 Uingereza iliikubali dawa hiyo, iitwayo Casgevy, na Desemba mwaka ule Marekani nayo ikaikubali kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila ya kushikwa na maumivu makali.

Lakini usidhani kwamba ni kidonge cha kumeza kwa maji. Mgonjwa hutolewa chembe mama za damu, zikapelekwa maabara, zikakatwa komeo lile. Kisha yeye hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho wa mifupa yake upate nafasi ya kupokea chembe mpya. Dawa hiyo humdhoofisha, humnyonyoa nywele, na yaweza kumnyima uzazi. Ndipo chembe zake zinaporudishwa mwilini, naye hulazwa kwa majuma kadhaa akingoja zistawi. Na bei? Nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 280 za Kenya. Mwalimu apataye shilingi 40,000 kwa mwezi, asile, asivae, asilipe kodi ya nyumba, angehitaji miaka zaidi ya 580 kuikusanya fedha hiyo.

Sasa ushahidi umekamilika. Dawa hii ni ya nani?

Wa kwanza kuinua mkono ni yule aliyeitengeneza. "Dawa ni yangu," asema. "Nimetumia miaka na mali. Dawa nyingi nilizojaribu zilishindwa, na hii moja yapaswa kulipia zile zote." Hoja hii tusiidharau. Mkulima asipopata chochote katika shamba lake, mwaka wa pili hatalima, na mwenye njaa hatasaidiwa na hasira zetu. Walakini tumwulize mkulima huyu: shamba ulilikuta tupu? Kodi za wananchi wa Marekani zililipia sehemu ya uchunguzi wa mwanzo. Kisu kilitoka katika elimu iliyokuwa ikijengwa vyuoni kwa miaka mingi. Wagonjwa waliojitolea kujaribiwa walitoa miili yao. Na nyuma yao wote wamesimama wale 30. Mti ukipandwa na wengi, aliyeupalilia mwisho ana haki ya ujira wake. Hana haki ya kusema kwamba kivuli chote ni chake.

Wa pili ni mwenye fedha. "Kila kitu huuzwa," asema, "na dawa ni kitu. Mwenye kuweza atanunua. Asiyeweza na angoje." Katika viatu na saa maneno haya yafaa. Asiyekuwa na bei ya kiatu kipya atavaa cha zamani, hapana aliyekufa kwa hilo. Lakini mgonjwa hakuchagua kuugua, na maumivu yake hayakubali kuahirishwa mpaka mwisho wa mwezi. Anayeuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukikataa anamshika mwenziwe koo, hata kama ana stakabadhi ya halali.

Wa tatu ni mwenye huruma. "Dawa ni ya wagonjwa wote," asema, "na igawiwe bure leo." Moyo wangu unapenda kumpa huyu ushindi, lakini akili inanizuia. Tuseme dawa imeletwa bure leo hii. Italetwa wapi? Yataka maabara safi kuliko jiko safi mara elfu, wauguzi waliofunzwa, benki ya damu isiyokauka, vyumba vya kumtenga mgonjwa wakati mwili wake hauna kinga. Tena, ikiwa kila atengenezaye dawa atanyang'anywa, nani ataitengeneza ya ugonjwa mwingine? Huruma isiyo na hesabu yaweza kumwacha mgonjwa pale pale alipokuwa, ila sasa ana ahadi mkononi.

Ikiwa wote watatu wana sehemu ya haki na hapana mwenye haki yote, tutafute neno la nne. Mimi nimelipata katika desturi zetu wenyewe, nalo ni amana.

Mtu akisafiri, akaiacha mali yake kwa jirani, jirani yule si mwenye mali, wala si mgeni kwake. Ana wajibu wa kuitunza. Akigharimika katika kuitunza, ni haki arudishiwe gharama zake, na kumshukuru kwa zawadi si vibaya. Lakini mwenye mali akirudi, hawezi kumwambia, "Nipe thamani yake mara mia ndipo nikupe." Akifanya hivyo huitwa mhaini, japokuwa ufunguo wa ghala uko mfukoni mwake. Elimu ya tiba ni mali iliyokusanywa na binadamu wengi, waliotajwa na wasiotajwa, ikawekwa mikononi mwa wachache wenye ustadi wa kuitunza na kuiendeleza. Wapewe ujira wa kweli, hata mwema. Bali wasijifanye wenyewe.

Utaniambia kwamba haya ni maneno mazuri ya darasani, na kwamba bei ni bei. La, msomaji. Bei si kama mvua, ambayo hainyeshi kwa amri yetu. Bei huwekwa na watu, na watu huibadilisha. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilimgharimu mgonjwa mmoja dola 10,000 au zaidi kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Elimu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nia, sheria, na sauti za watu walioandamana. Uliza nyumbani kwenu, utaambiwa ni nani waliokufa katika miaka ile ya kungoja. Na hivi karibuni, Januari 2025, Uingereza ilikubali kwamba idara yake ya afya ya umma iwape wagonjwa wa seli mundu dawa hii ya Casgevy bila ya kudaiwa mlangoni mwa hospitali, baada ya kupatana na kampuni juu ya bei. Ikiwa serikali moja yaweza kukaa mezani na kupatana, serikali nyingi zikikaa pamoja zitaweza zaidi.

Lakini amana ina upande wa pili, ambao sisi tunapenda kuusahau. Mwenye mali naye ana wajibu wa kuiendea. Asipotengeneza nyumba, mali ikirudishwa itawekwa wapi? Tusilaumu walio mbali kwa kutotuletea dawa ya shilingi milioni 280 hali sisi wenyewe tumeacha ya shilingi chache imlale mtoto mbali. Mtoto mchanga aweza kujulikana kwa tone moja la damu ya kisigino, lakini katika nchi nyingi za Afrika watoto wengi hawapimwi. Tangu 1986 ilijulikana kwamba penisilini ya kila siku humkinga mtoto wa seli mundu na maambukizo yanayoua wengi. Kidonge kiitwacho haidroksiyurea kilikubaliwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa watu wazima. Baadaye kilijaribiwa kwa watoto 606 katika Kilifi, pwani yetu, na katika Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalitolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua nusu, na vifo vilipungua. Kidonge hiki hakimalizi ugonjwa. Walakini kinampa mtoto miaka, na miaka ndiyo kitu anachohitaji apate kuifikia dawa kubwa.

Iko hatari, basi, ya kukitazama sana kile kinachong'aa. Atazamaye nyota hujikwaa kwa jiwe lililo miguuni. Taifa linaloona fahari kuzungumza juu ya kukata jeni, na zahanati zake hazina kidonge wala chandarua, limekuwa kama mtu anayeagiza zulia na nyumba yake inavuja.

Neno moja limebaki, nalo ni juu ya wale ambao hawajazaliwa. Tiba niliyoieleza hukata chembe za damu za mgonjwa mwenyewe; haigusi mbegu ya uzazi, na akifa imekwisha naye. Lakini kisu kile kile chaweza kukata kiinitete, na badiliko likarithiwa na wana na wajukuu. Novemba 2018 mtaalamu He Jiankui wa China alitangaza kwamba amefanya hivyo na mapacha wa kike wamezaliwa. Wataalamu wenzake wengi ulimwenguni walimlaumu, na Desemba 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Kwa nini lawama, ikiwa nia ni kuondoa ugonjwa? Rudi kando ya ziwa, msomaji, ukaitazame tena alama ile ya seli mundu. Mtu wa mwaka 1948, mwenye kisu na asiyekuwa na elimu, angalisema, "Hii ni kasoro, tuifute katika damu za watu wote." Na kama angaliifuta, angaliwavua ngao yao watu wengi walioishi penye mbu. Iliyomuua ndugu mmoja ndiyo iliyowalinda ndugu wengine. Ikiwa katika jambo moja tulilolichunguza kwa miaka mia bado twaona pande mbili, itakuwaje katika mambo elfu tusiyoyajua? Mgonjwa aliye hai aweza kuulizwa, akakubali au akakataa; Victoria Gray aliulizwa. Mjukuu wa mjukuu hawezi kuulizwa. Basi hapa tena neno ni amana: urithi wa binadamu si mali ya kizazi kimoja kiugeuze kipendavyo. Sisemi kwamba mlango huo ufungwe milele. Nasema kwamba asiyejua kina cha maji asimvushe mtoto wa mwingine.

Nilimjibu mwanafunzi wangu baada ya miezi mingi. Alikuwa amekwisha kuanza kumeza kidonge kile kila siku, na siku zake za kulazwa zilikuwa zimepungua. Nilimweleza habari za wale 30, nikamweleza habari za amana, nikamwambia, "Dawa ile ni yako pia, japokuwa haijafika." Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi naweza kungoja. Nimezoea. Lakini yuko mtoto anayezaliwa leo, na huyo mamake hajui kwamba anangoja kitu."

Sikuwa na la kuongeza mbele yake. Lakini kwako wewe, kijana unayesoma, ninalo. Huenda wewe ni mzima. Basi anza kwa lililo karibu: usimwite mvivu mwenzako anayeota jua, kama mwalimu wako alivyofanya. Jua hali ya damu yako kabla ya kuoa au kuolewa, si kwa kumtupa umpendaye, bali kwa kuamua mkiwa mmefumbua macho. Ukiweza hesabu na sayansi, usizisome kwa ajili ya mtihani tu. Wako watakaohitajika kuzijenga maabara zile hapa kwetu, na hawatatoka mbinguni. Ukiwa huna kipaji hicho, utakuwa mwanasheria wa kusoma mikataba ya dawa, au mbunge wa kupima bajeti, au mama au baba wa kudai mtoto wako apimwe siku anapozaliwa. Wale 30 hawakuwa madaktari, nao walitoa sehemu yao.